SOMO LA BUSTANI: MCHE UKIKOSA MAJI

Mshahara wa wengi wetu haufiki mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu wenzetu wengi hapa Bujumbura wana vibustani, huko Kinama, Buterere, Kanyosha, hata Gatumba. Lengalenga, nyanya, kabichi na bilinganya hupunguza gharama ya sokoni. Lakini kuanzia Juni hadi Septemba mvua hukatika katika Imbo. Ziwa Tanganyika liko mbele ya macho yetu, na bado maji ya bustani tunayabeba kwa ndoo. Basi inafaa tujue maji hayo machache yatumike wapi.

Kwa nini mche huumia upesi

Mzizi wa mche mchanga hufika sentimita chache tu chini, na hapo juu ndipo udongo unapokauka kwanza. Mmea mkubwa hutafuta maji chini zaidi. Mche hauwezi.

Kwanza, mbegu iliyokwisha kuota ikikauka hufa. Pili, jani hukua kwa kujazwa maji, kama mpira unavyojazwa upepo. Maji yakipungua, jani hubaki dogo. Tatu, jani lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mche wenye kiu huvifunga ili maji yasitoke. Lakini hewa ya kutengenezea chakula huingilia hapo hapo. Kwa hiyo mche wenye kiu una njaa pia.

Hasara yake

Wengi husema, "Nitamwagilia vizuri wiki ijayo." Hapo ndipo tunapokosea. Lengalenga iliyoona kiu hutoa maua mapema ikiwa fupi, na majani yake huwa magumu. Kabichi hufunga kichwa kidogo. Maji ya baadaye huokoa uhai wa mmea, lakini hayarudishi siku zilizopotea. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda vitanda vitano nikiwa na maji ya vitanda viwili. Sikupata hata kitanda kimoja cha kuridhisha, na fedha ya mbegu ilipotea.

Dalili

Majani yakilegea saa sita mchana na kusimama tena jioni, usiogope. Yakiwa yamelegea asubuhi kabla ya jua kuwaka, kiu imezidi. Ingiza kidole katika udongo: ukiwa mkavu mpaka kiungo cha kwanza, mche unataka maji.

Tufanye nini

1. Hesabu maji kabla ya kupanda. Kitanda cha mita 1 kwa mita 5 kilichojaa mboga huweza kutaka lita 20 hadi 25 kwa siku wakati wa kiangazi. Mwenye ndoo mbili asipande vitanda vitano.

2. Mwagilia asubuhi mapema, polepole, maji yafike kwenye mizizi. Ukinyunyiza juu juu tu, mizizi nayo hubaki juu.

3. Funika udongo kwa nyasi kavu, na kitalu kiwekee kivuli chepesi.

4. Siku chache kabla ya kupandikiza, punguza maji kidogo kidogo ili miche izoee. Siku ya kuing'oa, lowesha kitalu vizuri, kisha pandikiza jioni.

5. Usizidishe. Kitalu kinacholowa wakati wote huozesha mashina ya miche.

Kazi ya pamoja

Kitalu cha mita moja ya mraba hulea miche mia moja na zaidi, na maji yake ni machache. Wenzetu watatu au wanne wenye bustani jirani waweza kuwa na kitalu kimoja karibu na maji na kumwagilia kwa zamu. Aliye kazini asubuhi, mwenzake amshikie zamu.

Maswali ya kujadili mkutanoni

1. Kwa nini maji ya baadaye hayalipi kiu ya mwanzo?
2. Bustani yako hupata ndoo ngapi kwa siku? Je, zinatosha vitanda vingapi?
3. Nani kati yetu yuko tayari kuanzisha kitalu cha pamoja kabla ya kiangazi?