Jiwe na Sauti

Watu wa Butembo na Beni wanaijua endara. Ni vipande vya mti, virefu na vifupi, vilivyolazwa juu ya mashina mawili ya migomba. Kipande kirefu hutoa sauti nene, kifupi hutoa sauti nyembamba. Wapigaji kadhaa hukaa pamoja kwenye endara moja. Kila mmoja ana sehemu yake, na pigo la huyu huingia katikati ya mapigo ya yule. Asikilizaye kwa mbali husikia wimbo mmoja tu.

Huko Ujerumani, Johann Sebastian Bach alifanya kazi inayofanana na hiyo. Alizaliwa mwaka 1685, akafa mwaka 1750. Muziki wa siku zile huitwa muziki wa Baroko. Chombo chake kikubwa kilikuwa kinanda cha kanisa, chenye mabomba mengi yanayolia kwa nguvu ya upepo. Mpigaji hutumia mikono yote miwili, na miguu pia. Bach alitunga nyimbo ziitwazo fuga. Katika fuga sauti moja huanza peke yake. Kabla haijanyamaza, ya pili huingia na wimbo ule ule, kisha ya tatu, pengine na ya nne. Zinakimbizana, zinapishana, wala hazigongani.

Sasa watazameni Wagiriki wa kale. Katika mji wa Atene, toka mwaka 447 hata 432 kabla ya Kristo, walijenga hekalu la mungu wao wa kike, nalo huitwa Parthenoni. Juu ya kuta zake walichonga msafara wa watu na farasi, urefu wake mita 160 hivi. Watu husema kwamba sanamu huonekana yote mara moja, lakini wimbo husubiriwa mpaka uishe. Hapa sivyo. Atakaye kuuona msafara ule wote ilimpasa kulizunguka hekalu, hatua kwa hatua. Farasi mmoja anatokeza nyuma ya mwenzake, shingo juu ya mgongo, miguu kati ya miguu. Hiyo ni fuga ya macho! Walichongwa hata wapiga zumari wanne na wapiga kinubi wanne, lakini wimbo waliokuwa wakiupiga haujulikani.

Mwaka 1687 jeshi la Venezia lilipigana na Waturuki mjini Atene. Waturuki walikuwa wameweka baruti ndani ya Parthenoni. Kombora likaanguka, baruti ikalipuka, na jiwe lililosimama zaidi ya miaka 2,000 likavunjika siku moja. Bach alikuwa mtoto wa miaka 2. Leo vipande vya msafara vimetawanyika, vingi viko Atene na London. Fuga za Bach, ambazo ni pumzi tu, ziliandikwa kwenye karatasi, na ajuaye kusoma noti aweza kuzipiga popote.

Endara haikuchongwa katika jiwe, na mashina ya migomba huoza upesi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alikuja na mashine ya kunasa sauti, akazinasa nyimbo za Wanande. Hata leo zasikika. Lakini sahani ya muziki haimwonyeshi mtoto namna ya kushika vijiti, wala wakati wa kuingiza pigo lake. Hayo hujifunza akiketi ubavuni mwa mzee apigaye.

Maswali: Kwa nini msafara wa Parthenoni unafanana na wimbo? Nani kijijini kwenu ajua kupiga endara, naye alifundishwa na nani?