Mpiga Picha na Picha Asizozionyesha

Mji wa Bukoba uko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, upande wa magharibi. Mvua hunyesha huko karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mawingu ni mengi. Wasafiri huyanung'unikia mawingu hayo, lakini mpiga picha huyafurahia, maana wingu jembamba huufanya mwanga wa jua kuwa laini, usiache vivuli vyeusi chini ya macho na pua.

Siku moja ya mawingu ya namna hiyo, mzee mmoja alitoka Kamachumu, katika wilaya ya Muleba, pamoja na mkewe na binti yao, wakaja mjini kupigwa picha. Mzee alivaa kanzu nyeupe na koti jeusi, na bibi alivaa gomesi. Mpiga picha aliwaamkia kwa adabu, akawaketisha, akaanza kazi. Nusu saa ilipokwisha alikuwa amepiga picha 60. Jioni waliporudi aliwaonyesha picha 8 tu.

Binti akauliza, "Kaka, nilisikia kamera ikilia mara nyingi sana. Zile nyingine ziko wapi?"

Zamani swali hilo lisingeulizwa. Picha zilipigwa juu ya sahani za kioo, na baadaye juu ya ukanda wa filamu, navyo vyote viliagizwa ng'ambo kwa fedha nyingi. Ukanda wa namna moja ulitoa picha 12, na wa namna nyingine picha 36, na mara nyingi wateja kadhaa waligawana ukanda mmoja. Seydou Keita, aliyefungua chumba chake cha picha mwaka 1948 mjini Bamako katika nchi ya Mali, alikuwa na desturi ya kumpiga mteja picha moja tu. Uchaguzi wake wote aliumaliza kabla ya kubonyeza. Alimgeuza mteja bega, akamwinua kidevu, akamwazima koti au saa ya mkononi ikiwa hana, kisha akapiga mara moja, basi. Hata huku Afrika ya Mashariki, katika vyumba kama Capital Art Studio, ambayo Ranchhod Oza aliianzisha Unguja mwaka 1930, mteja hakuweza kuona kitu mpaka picha ioshwe kwa dawa katika chumba cha giza na kukaushwa. Kamera za siku hizi nyingi hazina filamu, na kupiga picha ya sitini hakuna gharama kuliko kupiga ya kwanza. Kwa hiyo kazi ya kuchagua imehama: zamani iliutangulia mlio wa kamera, na sasa inaufuata.

Basi mchana ule, wateja walipokwisha kwenda sokoni, mpiga picha aliketi mbele ya kompyuta pamoja na kijana anayejifunza kazi kwake. Kwanza waliondoa picha zenye kasoro za wazi. Katika moja mzee alikuwa amefumba jicho nusu. Katika nyingine bibi alitazama pembeni kwa sababu pikipiki ilipita barabarani. Katika nyingine mkono ulitikisika ukawa kama moshi. Picha 19 zikaondoka hivyo, wala hapakuwa na ubishi.

Kasoro ya pili haionekani upesi. Kijana alizisifu picha fulani kwa kuwa kanzu ilionekana vizuri, kila mkunjo wake. Mwalimu wake akamwambia, "Usitazame kanzu. Mtazame mzee." Kijana akatazama, akaona kwamba uso umekuwa giza, macho hayaonekani. Sababu yake ni hii: kamera hupima mwanga, lakini haijui kinachotazamwa. Ikiona kanzu nyeupe imejaa mbele yake, hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza. Kanzu hupona, na uso mweusi hupotea. Mpiga picha mwangalifu huipimia kamera mwanga wa uso, si wa nguo. Tena jambo hili lina historia yake. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilisawazisha rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, na watu wenye ngozi nyeusi walitoka katika picha wakiwa na meno na macho tu. Wengi walidhani wao ndio wenye sura mbaya, kumbe kosa lilikuwa la kipimo. Picha 10 zikaondolewa kwa ajili hiyo.

Zikabaki 31, na nyingi zilifanana kama mapacha. Kijana akaona kazi imekwisha. "Hizi zote ni safi. Tuwaonyeshe zote, wachague wenyewe, maana fedha ni yao."

Neno hilo lina haki ndani yake, lakini mwenye kazi hii ameona mara nyingi linavyoishia. Mteja anayewekewa picha 31 za uso wake huanza kwa furaha. Akifika ya kumi anaona makunyanzi. Akifika ya ishirini anaona sikio moja limezidi jingine, jambo ambalo hakulijua maisha yake yote. Mwisho hachagui tena picha iliyo nzuri, anachagua ile isiyomwudhi. Au huondoka bila kuchukua hata moja, akimlaumu mpiga picha. Lakini kumwonyesha moja tu ni dhuluma pia, kwa sababu uso ni wa mteja. Hapo katikati ndipo pagumu, wala hakuna hesabu ya kufundisha. Mpiga picha huyu alichukua moja katika kila kundi la mapacha, ile ambayo mikono imetulia na macho yana uhai, akapata saba.

Tena yapo mambo ya kioo. Kila mtu huujua uso wake kwa kujitazama katika kioo, nacho kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Picha humwonyesha jinsi wengine wanavyomwona, naye huhisi kana kwamba uso umepindika kidogo. Mwaka 1977 wataalamu watatu wa Marekani walilijaribu jambo hili: wenye sura walipenda zaidi picha iliyogeuzwa kama kioo, na rafiki zao walipenda ile isiyogeuzwa. Ndiyo maana mume husema, "Hii ni wewe kabisa," na mke akakataa katakata. Wote wawili wanasema kweli. Mpiga picha anayelijua hilo huwaonyesha jamaa pamoja, asimwache mtu peke yake na uso wake.

Iliyobaki ni picha ya nane, nayo ndiyo iliyowachelewesha. Mzee alikuwa ameambiwa neno na mkewe, akacheka kwa moyo wote, mdomo wazi, na pengo la meno mawili likaonekana. Kijana aliipenda kuliko zote, akataka iwekwe ya kwanza. Mwalimu wake akasita. Mzee amepanda gari kutoka Kamachumu akiwa amevaa kanzu na koti. Alikuja kutafuta picha ya heshima, wala hakuja kuchekesha watu. Wako wapiga picha ambao huikuza picha ya namna hiyo na kuitundika dirishani bila kumwuliza mwenyewe. Hilo ni kosa, hata kama picha ni nzuri namna gani.

Lakini kuifuta nako si jambo dogo. Katika Buhaya, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, picha ya marehemu hubebwa mbele ya jeneza lake, kisha hurudi kukaa ukutani miaka mingi. Mara nyingi haikupigwa kwa kusudi hilo. Ni picha ya harusi, au ya kitambulisho, iliyokuzwa usiku mmoja kwa haraka. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na wengine miili yao haikupatikana kamwe. Jamaa wa hao hawakuwa na kaburi la kulitunza. Aliyekuwa na picha alikuwa na picha.

Mpiga picha akaiweka ile ya kicheko mwisho, baada ya zile saba.

Mzee alizitazama polepole. Alichagua ile ambayo ameketi wima, mikono juu ya magoti, viatu vinaonekana vyote viwili. Alipofika ya nane akanyamaza. Mkewe akacheka, akaziba mdomo kwa mkono.

"Hii si ya ukutani," mzee akasema.

"Naiomba mimi, baba," binti akasema.

Mzee akaitazama tena. "Chukua. Lakini iweke sandukuni."

Mpiga picha akaandika tarehe na jina la mzee kwenye zote mbili. Kisha akamgeukia binti, akamjibu swali lake: zile nyingine zipo, zenye macho mafumbo zitafutwa leo, na zilizo safi zitakaa hapo mwaka mzima, kama wakizihitaji.