Notre-Dame: Ukarabati Ulivyofichua Kazi ya Waashi wa Kale

Ukarabati uliwafikisha wapi watafiti?

Moto wa tarehe 15 Aprili 2019 uliteketeza paa la kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, na kuuangusha mnara mwembamba wa karne ya 19. Viungo vilivyofichika ndani ya jengo hilo, lililoanza kujengwa mwaka 1163, vikabaki wazi. Mafundi walipokuwa wakiondoa kifusi, watafiti walipata nafasi ya kuvichunguza kimoja kimoja.

Mawe yaliunganishwaje?

Kwa chokaa, na pia kwa chuma. Vyuma vya sentimita 25 hadi 50, vilivyopindwa ncha zote mbili, vilipachikwa katika matundu ya mawe yaliyopakana, vingine vikazibwa kwa madini ya risasi. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba vilitumika tangu miaka ya 1160. Si viraka vya warekebishaji wa baadaye. Hakuna kanisa la Kigothi la kabla ya hapo linalojulikana kufungwa kwa chuma kwa wingi kiasi hicho. Baadhi ya vyuma vilifuliwa kwa kuunganisha vipande kadhaa, huenda vikiwa chuma chakavu.

Dari ya mawe ilisimamaje?

Mbavu za matao hupeleka uzito kwenye nguzo, na matao ya nje huegemeza kuta zisisukumwe na dari. Kwa mpango huo dari iliyo zaidi ya mita 30 juu ya sakafu iliweza kuwa na unene wa takriban sentimita 15 tu katika baadhi ya sehemu. Mawe nayo yalichaguliwa kwa kazi yake: magumu kwenye nguzo, mepesi kwenye dari.

Mbao zilieleza nini?

Mialoni mingi ya fremu ya paa ilikatwa kabla ya kufikia miaka 100, ikiwa myembamba na iliyonyooka. Ilichongwa kwa shoka ikingali mibichi, kila mti ukitoa boriti moja yenye kiini chake katikati. Pete za ukuaji zinaonyesha kwamba boriti kadhaa za karne ya 12 zilitumiwa tena katika paa la karne ya 13. Alama zilizochongwa na maseremala ziliwaongoza kuunganisha vipande juu ya kuta kwa mpangilio uleule waliokuwa wameupanga kwanza chini.

Maarifa hayo yalitumikaje?

Maseremala wa sasa walichonga mialoni mibichi kwa shoka, wakifuata umbo la kila mti, wakajenga upya fremu ya paa kwa mpangilio wa zamani. Kanisa lilifunguliwa tena Desemba 2024.