SOMO LA KUJIFUNZA: TUTAYARISHE MUTAA WETU MBELE YA MVUA KUBWA NA GIZA

Ya kusoma nyumbani: Matendo ya Mitume 11:27-30, Mathayo 25:1-13



Leo tunataka kujifunza jambo lenye linatugusa sisi wote wakaaji wa Uvira: namna ya kutayarisha mutaa mbele ya mvua kubwa kufika na umeme kukatika. Wamoja watasema: "Hiyo ni kazi ya serikali, si kazi ya kanisa." Wengine watasema: "Sisi tuko na Roho. Hatari ikikuja, Mungu ataonyesha watumishi wake." Tuchunguze maneno hayo polepole.

1. NABII ALISEMA, KISHA WANAFUNZI WALIFANYA NINI?

Katika Matendo 11 tunasoma juu ya nabii Agabo. Alitangulia kusema ya kuwa njaa kubwa itakuja, nayo ikakuja siku za Kaisari Klaudio. Sasa tuangalie vizuri. Wanafunzi wa Antiokia hawakukaa tu na kuimba. Kila mutu alitoa kadiri ya uwezo wake, na musaada ukatumwa kwa ndugu wa Yudea kwa mikono ya Barnaba na Saulo. Basi unabii haukuondoa kazi. Unabii ulianzisha kazi.

Na wale wanawali watano wenye hekima hawakujua saa. Lakini mafuta yalikuwa tayari ndani ya vyombo vyao. Sisi pia saa hatujui, lakini majira tunayajua.

2. TUKUMBUKE MAMBO YENYE TULIONA

Usiku wa tarehe 16 kufikia tarehe 17 mwezi wa 4, mwaka 2020, muto Mulongwe ulitoka ndani ya njia yake. Watu makumi walikufa, maelfu ya nyumba yakaharibika. Kazi ya kuleta maji safi iliharibika pia, na sisi wote tunajua kolera inafuata nyuma ya maji machafu. Halafu tarehe 4 mwezi wa 5, mwaka 2023, kule Kalehe, maji na mawe yalishuka kutoka milimani, yakafunika Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa.

Tuchukue pia mufano wa inchi ya Musumbiji. Mwezi wa 3, mwaka 2019, tufani Idai iliingia muji wa Beira. Tufani ya namna ile inapata nguvu juu ya bahari yenye maji ya moto, na ikiingia ndani ya inchi inapunguka. Ndiyo sababu haifiki kwetu. Lakini watu wa Musumbiji wanaweza kuiona siku kadhaa mbele. Sisi, mvua ikinyesha kule juu ya mulima, maji yanatufikia kwa muda mufupi tu. Basi sisi ndio tunapaswa kuwa tayari zaidi.

Kiisha mafuriko ya mwaka 2000, watu wa Musumbiji waliunda kamati ndogo katika vijiji vyenye hatari. Wana redio, kipaza sauti, kinga na bendera za rangi za kuonya wengine. Hata hivyo Idai iliua mamia ya watu. Onyo haliondoi hatari yote. Lakini mwenye kusikia mapema anaweza kukimbia.

3. KOSA LETU SISI MASHEMASI

Hapa tunaungama mbele yenu. Majira ya mvua yenye yalipita, tulitangaza siku ya Mungu, hapa kanisani, ya kwamba wenye kukaa kando ya muto walale kwa ndugu zao. Tukafikiri kazi imeisha. Usiku ule umeme ulikatika, telefone nyingi zikazimika, maji yakaingia mwisho wa avenue. Mama mujane mumoja wa kanisa letu, mwenye kuumwa miguu, alikaa usiku muzima juu ya meza pamoja na wajukuu wake wawili. Hakuwa amesikia tangazo, sababu miguu haikumuruhusu kuja ibadani.

Asubuhi tulipofika, hakulia. Alituuliza tu: "Wana wangu, kila mwezi munakuja kwangu kuchukua zaka, njia munaijua. Jana njia ilipotea?"

Hatukupata jibu. Somo hili ndilo jibu letu.

4. KAZI YA KUFANYA

a) Daftari. Katika kila nyumba kumi, shemasi na mukubwa wa nyumba kumi waandike majina ya wazee, wagonjwa, mama wenye mimba na watoto wachanga. Mbele ya kila jina, kijana mumoja mwenye nguvu.

b) Alama moja. Filimbi tatu ndefu ni kusema: toka, panda juu. Ngoma ya ibada isipigwe kwa jambo lile, watu wasichanganyikiwe.

c) Mahali pa kukimbilia. Tuchague sasa, muchana, na watoto waonyeshwe njia yenye haipiti kando ya muto. Maji yenye kukimbia, hata yakifika magotini tu, yanaweza kuangusha mutu mukubwa.

d) Mifereji. Kila siku ya posho, mbele ya mvua, tutoe takataka na masashe ndani. Asitupe mutu takataka mutoni.

e) Chombo cha nyumba. Tochi na mabuye yake, redio ndogo, bidoni ya maji safi yenye kufunikwa, chumvi, sukari, na vitambulisho ndani ya sashe yenye kufungwa. Kwa mutu mwenye kuhara: maji safi litre moja, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo, apelekwe upesi kwa waganga.

f) Giza. Umeme ukikatika, zima vyombo vyote. Usiache buji ikiwaka na kulala. Mashini ya kutoa umeme na mbabula ya makala vikae inje, sababu moshi wao unaua mutu ndani ya nyumba yenye kufungwa, naye hajui. Waya yenye kuanguka, usiikaribie, zaidi sana ndani ya maji.

5. MASWALI YA KUJIBU PAMOJA

– Kwa nini Antiokia walitoa musaada mbele ya kuona njaa kwa macho?
– Ni jirani gani, hata asiye wa kanisa letu, hataweza kutoka peke yake usiku?
– Nani atamwendea?

Wapendwa, siku ya Mungu yenye kuja, kiisha ibada, asiende mutu nyumbani upesi. Tutafungua daftari. Jina la kwanza tayari limeandikwa: ni la mama yule, na mbele yake majina mawili ya mashemasi.

Bwana awalinde ninyi na watoto wenu. Amina.