Dawa Moja, Saa Tofauti: Wakati wa Kupulizia Viwavijeshi Vamizi

Mkulima anayepulizia mahindi saa sita mchana na jirani yake anayepulizia saa kumi na mbili jioni huweza kununua chupa ileile kwa bei ileile, wakapata matokeo yasiyofanana. Tofauti haipo dukani; imo katika maisha ya mdudu mwenyewe.

Kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya bara la Amerika, aliripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016 na kubainika Tanzania mwaka uliofuata. Nondo jike hutaga usiku, mara nyingi mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja. Baada ya siku mbili au tatu huanguliwa viwavi wadogo, ambao hukwangua jani na kuacha madoa yanayopitisha mwanga. Huo ndio wakati wa kupulizia, kwa kuwa kiwavi angali wazi juu ya jani na mwili wake haujakomaa.

Akisubiriwa akue, huhamia katika moyo wa mhindi na kuuziba kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao. Dawa hubaki nje. Hapo ndipo wakulima wengi huongeza kipimo au kulalamika kuwa wameuziwa dawa bandia. Dawa bandia zipo, lakini mara nyingi kosa huwa ni kuchelewa. Baadaye kiwavi hushuka ardhini kugeuka buu. Anayepulizia wakati huo anamfukuza mwizi aliyekwisha kuondoka na mali.

Kuhusu saa, alfajiri na jioni ndizo bora. Kiwavi hujificha jua linapokuwa kali na kutoka kula giza linapoingia. Jioni pia nyuki huwa wamerejea mizingani. Mdomo wa bomba uelekezwe kwenye moyo wa mmea, si hewani.

Wapo wanaopulizia kila Jumamosi bila kukagua. Utaratibu huo humaliza fedha na kuwaua siafu, nyigu na wadudu wengine wanaomla kiwavi bure. Afadhali mkulima akague shamba angalau mara moja kwa wiki tangu mahindi yanapoota: achague sehemu tano, kila sehemu mimea 20. Kati ya mimea hiyo 100, ikiwa takribani 20 ina dalili mpya na mahindi bado machanga, apulizie. Mahindi yakikaribia kutoa mbelewele, kiwango hicho hupanda hadi takribani 40. Ikiwa chini ya hapo, mayai na viwavi wachache vyaweza kupondwa kwa vidole.

Mbelewele zikishatoka, kupulizia mara nyingi hakulipi, na mimea iliyomzidi mtu kimo humwagia dawa mpuliziaji mwenyewe. Kwa wanaouza mahindi mabichi ya kuchoma, siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Asiyeweza kukisoma amwendee afisa kilimo wa kata akiwa na chupa mkononi, kabla ya kuifungua.