Ndege Ikitikisika: Yakupasayo Kujua Kabla ya Safari Fupi

Je, umewahi kuabiri ndege ndogo alasiri katika uwanja wa Wilson, ukafika Maasai Mara ukiwa umelowa jasho na tumbo limevurugika? Wagonjwa huniuliza kama hiyo ni dalili ya ugonjwa wa moyo, au kama ndege ilikuwa mbovu. Mara nyingi si hili wala lile.

Kisababishi kikuu ni joto. Jua likichoma ardhi tangu asubuhi, hewa ya chini hupata moto na kupanda, nayo hewa baridi hushuka kujaza pengo. Ndege ikipita humo huinuliwa na kushushwa mithili ya matatu kwenye barabara yenye mashimo. Kwa waelekeao magharibi, upepo utokao mashariki hupanda milima ya Ngong, yenye kimo cha mita 2,460 hivi, kisha huporomokea Bonde la Ufa kwa misukosuko. Mbele zaidi, kuanzia Kericho hadi Ziwa Victoria, mvua ya radi ni jambo la kawaida wakati wa alasiri.

Ndege kubwa hupaa juu ya sehemu kubwa ya msukosuko huu, lakini ndege ndogo za rafadha husafiri humo humo. Hata hivyo, ndege huundwa kustahimili mitikisiko hiyo. Anayeumia mara nyingi ni msafiri asiyefunga mshipi. Mnamo Mei 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na mtikisiko wa ghafla juu ya Myanmar. Msafiri mmoja alifariki na makumi wakajeruhiwa. Wachunguzi walieleza kuwa yamkini wasiofunga mshipi walirushwa juu kisha wakaanguka.

Na kichefuchefu je? Ndani ya sikio mna kiungo kinachopima mwendo na usawa wa mwili. Sikio huarifu ubongo kwamba unayumba, ilhali macho yanayosoma gazeti huarifu kwamba umetulia. Ubongo hukanganyika, mate yakajaa kinywani, jasho baridi likatoka, hatimaye ukatapika.

Zingatia haya:

1. Safiri asubuhi mapema, kabla ardhi haijapata joto.

2. Kula chakula chepesi. Epuka pombe na vyakula vya mafuta mengi.

3. Keti karibu na mabawa, uegemeze kichwa na kutazama mbali nje.

4. Funga mshipi hadi ndege isimame. Mama mjamzito aupitishe chini ya tumbo.

5. Tembe za kuzuia kichefuchefu, kama vile prometazini, humezwa kabla ya safari, kwani ukishaanza kutapika hazifai sana. Huleta usingizi, hivyo usiendeshe gari ukishuka. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe prometazini. Wajawazito na wenye ugonjwa wa glakoma wamwone daktari kwanza.

Aliyefanyiwa upasuaji au kupatwa na mshtuko wa moyo hivi karibuni pia apate ushauri wa daktari kabla ya kukata tiketi.

Mwisho, usisingizie mtikisiko kila kitu. Kichefuchefu cha safari hutulia baada ya kushuka. Lakini kifua kikibana, maumivu yakienea mkononi au kwenye taya, au pumzi ikikatika, mwarifu rubani au mhudumu papo hapo, na mkitua upelekwe hospitali bila kuchelewa.