Umealikwa Kuhubiri Uingereza? Iandike Hivyo Kwenye Fomu

Kanuni za uhamiaji za Uingereza zinamruhusu mchungaji, padri, sheikh au mtawa anayetumikia nje ya nchi hiyo kuingia kwa viza ya mgeni wa kawaida, akahubiri na kutoa huduma za kiroho. Ruhusa hiyo imeandikwa waziwazi katika orodha ya mambo ambayo mgeni anaweza kuyafanya. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu watumishi wa huku kwetu hushauriwa kuandika "utalii" au "kumtembelea ndugu", wakitishwa kwamba neno "kuhubiri" litaonekana kama kutafuta kazi. Ushauri huo ni mbaya. Afisa akithibitisha kwamba umemdanganya, unaweza kuzuiwa kupata viza ya Uingereza kwa miaka 10, kwa kuficha jambo ambalo sheria haikukukataza.

Sharti kubwa ni kwamba utumishi wako ubaki huku. Ukienda kwenye kongamano London ukaombwa kuongoza ibada ya Jumapili, unaruhusiwa. Ushirika wa Watanzania au Wakenya mjini Birmingham ukikuita kwa semina ya wiki mbili, au kuongoza ibada ya ndoa au mazishi, unaruhusiwa pia, mradi umebaki mtumishi wa kanisa lako na unarudi kwake. Kwa kawaida mgeni hupewa hadi miezi 6. Zipo viza za miaka 2, 5 hata 10, lakini nazo hazikupi zaidi ya miezi 6 kwa kila safari, na hairuhusiwi kuzitumia kwenda na kurudi mpaka ikawa kama umehamia.

Kisichoruhusiwa ni kushika nafasi. Chukua mfano wa Ramadhani, wakati misikiti ya huko hualika mahafidhi kusalisha tarawehe. Sheikh wa Unguja au Mombasa anayekwenda kusalisha na kutoa darsa mwezi huo, naye bado ni imamu wa msikiti wake, yumo ndani ya ruhusa. Lakini msikiti ambao imamu wake ameondoka ukimwita aje asimamie sala tano na madrasa mpaka apatikane mwingine, huyo si mgeni tena; ameajiriwa, hata kama hakuna mkataba. Vivyo hivyo mchungaji anayetangazwa kwenye mabango kuwa "mchungaji wetu mpya" kabla hajapanda ndege. Maafisa wa mpakani wanaweza kupekua mizigo, na bango la namna hiyo linatosha kuvunja maelezo yote uliyoyatoa.

Kwa kazi ya kudumu kidogo kuna njia nyingine. Iko viza ya muda ya mtumishi wa dini, isiyozidi miezi 24, na iko viza ya kiongozi wa dini, inayotolewa kwa hadi miaka 3 na inayodai uthibitisho kwamba unajua Kiingereza. Zote mbili zinahitaji taasisi ya Uingereza yenye leseni ya udhamini ikupe cheti cha udhamini. Mgeni hawezi kubadilishiwa viza akiwa kulekule aingie kwenye hizi. Itabidi arudi nyumbani aombe upya. Mwenyeji anayekuambia "njoo kwanza, mengine tutayamaliza huku" anakuingiza matatani.

Sasa bahasha. Desturi yetu ni kumshika mkono mtumishi aliyetoka mbali, na ni desturi njema. Lakini mgeni haruhusiwi kupokea malipo kutoka Uingereza kwa kazi aliyoifanya huko, isipokuwa gharama za kadiri za safari, malazi na chakula. Kuyaita malipo sadaka hakukulindi. Nashauri wenyeji walipe tiketi na malazi moja kwa moja na watunze risiti, na kama waumini wanataka kulisaidia kanisa la nyumbani, fedha iende kwenye akaunti ya kanisa kwa jina la kanisa. Ukitaka pia kujitolea kazi za mikono katika shirika la hisani, linapaswa kuwa limesajiliwa huko, nawe usizidishe jumla ya siku 30.

Penye mtihani mkubwa kwa watumishi wetu ni ushahidi wa kipato. Mara nyingi afisa huamua kwa karatasi tu, bila kukuita kwa mahojiano. Padri ana dayosisi ya kumwandikia barua. Mchungaji wa kanisa dogo la Mbeya au Kakamega hana hati ya mshahara. Anaishi kwa shamba, duka la mkewe na sadaka za waumini. Hali hiyo si kosa, ila inahitaji kuelezwa. Weka taarifa ya benki ya miezi kadhaa, taarifa ya miamala ya simu, hati ya shamba, leseni ya biashara, na barua fupi inayosema kila fedha imetoka wapi. Usiazime milioni kadhaa za kuwekwa kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Fedha iliyoingia ghafla bila maelezo ni miongoni mwa sababu za kawaida za kunyimwa viza, na ni afadhali salio dogo la kweli lenye mwenyeji anayebeba gharama. Mwenyeji anaruhusiwa kukugharimia, ilimradi mna uhusiano wa kweli, ana uwezo huo, na hajavunja sheria za uhamiaji.

Barua mbili ndizo nguzo. Ya mwenyeji itaje tarehe, mahali pa kuhubiri, pa kulala na nani analipa nini. Ya kanisa au msikiti wako itaje cheo chako, tangu lini unatumikia, nani atakushikia nafasi na lini unarejea kazini. Ambatanisha cheti cha usajili wa taasisi. Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili lazima iwe na tafsiri kamili ya Kiingereza, yenye uthibitisho wa mfasiri kwamba ni sahihi, tarehe, jina lake, sahihi na mawasiliano yake. Cheti cha kupimwa kifua kikuu hakihitajiki kwa ziara isiyozidi miezi 6, wala mtihani wa Kiingereza. Anayekudai hela ya vitu hivyo kwa viza hii anakuibia. Kama mnakwenda na kwaya, kila mwanakwaya ana fomu yake na ada yake, naye aandike kwamba anakwenda kuimba.

Ombi hujazwa kwenye tovuti ya serikali, gov.uk, mapema kabisa miezi 3 kabla ya safari, kisha unakwenda kituo cha maombi kuchukuliwa alama za vidole na picha. Kwa kawaida majibu hutoka ndani ya wiki 3 tangu siku hiyo. Ada ya viza ya miezi 6 ilipanda Aprili 2025 kutoka pauni 115 hadi 127, na hubadilika, kwa hiyo soma kiwango cha siku unayolipa. Hairudishwi ukinyimwa. Taja pia viza ulizowahi kunyimwa, za nchi yoyote.

Ukinyimwa, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa viza ya mgeni, kwa kawaida hakuna rufaa wala mapitio ya ndani ya uamuzi. Unachoweza ni kuomba upya, ukijibu kila sababu kwa ushahidi mpya, au kwenda mahakamani huko kupinga uhalali wa uamuzi, njia ya gharama kubwa. Kwa hiyo kishoka anayekutoza fedha za "rufaa ya ubalozini" anakuuzia kitu kisichokuwepo. Mshauri wa uhamiaji aliyeko Uingereza, kama si wakili, lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Ushauri wa Uhamiaji. Mwombe namba yake uihakiki.

Viza haikuhakikishii kuingia. Uwanja wa ndege afisa anaweza kukuuliza tena, nawe una haki ya kuomba mkalimani kama Kiingereza kinakupiga chenga. Beba nakala za barua zako kwenye mkoba wa mkononi, na majibu yako yafanane na ulichoandika.

Wakala akikujazia uongo bila wewe kujua, ombi bado linaweza kukataliwa kwa jina lako. Mtumishi, mwite kijana unayemwamini kanisani au msikitini, mkae pamoja mbele ya kompyuta, na pale fomu inapouliza unakwenda kufanya nini, mwambie aandike: kuhubiri.